Nani Atamwandika Mzee Njura?

Jengo letu sitalitaja jina, wala mji wake, kwa sababu bado ninakula mshahara humo. Itoshe kusema liko kando ya barabara ya kutoka Meru kwenda Embu, ni la mawe, lina ghorofa moja na paa la mabati la tangu enzi za mkoloni, na ndani yake kuna ofisi ya ardhi. Kazi yangu ni takwimu. Kila mwisho wa mwezi ninakusanya fomu, ninaingiza hesabu kwenye kompyuta, na makao makuu wanajulishwa kama jengo linatunzwa vizuri au vibaya. Kwa miaka mitatu niliwajulisha kwamba linatunzwa vizuri kuliko majengo yote ya umma ya ukanda huu. Ulikuwa uongo, na katika uongo huo sikuandika tarakimu hata moja isiyo ya kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Aliyelitunza aliitwa Misheck Njura, seremala kutoka upande wa Kiritiri, mtu mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio. Aliingia kazini mwaka wa tisini na tatu kama kibarua wa kupaka rangi na hakutoka tena. Milango aliijua kwa sauti. Mlikuwa mkipita naye koridoni, mlango unalia huko mbali, anasema, "Huo ni wa mpima ardhi, bawaba ya chini," na ukienda kuangalia ni bawaba ya chini kweli. Mwezi wa saba, baridi na manyunyu vinapoingia na mbao kuvimba, alizunguka na randa akinyoa madirisha moja moja ili yafungike. Misumari aliipanga kwa ukubwa ndani ya mikebe ya siagi. Sikuwahi kumsikia akisema kazi imemshinda. Nimekuja kuelewa kwamba hiyo ilikuwa nusu ya shida.

Nusu ya pili ilikuwa sisi.

Makao makuu walituletea kipimo. Kila jengo lianze mwaka na alama mia. Kitu kikiharibika, aliyekiona ajaze fomu. Kila fomu inapunguza alama, na tatizo lisipomalizwa kwa siku saba inapunguza mara mbili. Jengo likishuka sana litatumiwa wakaguzi, na wakaguzi wakithibitisha, linatengewa matengenezo makubwa katika bajeti ya mwaka unaofuata. Ukilisikia hivyo ni jambo la busara kabisa. Lakini aliyebuni fomu ile, popote alipo Mungu amsamehe, aliweka kwenye mstari wa pili maneno haya: Jina la afisa anayelalamikiwa.

Sasa nenda umwambie mtu wa huku amwandike mzee kwenye karatasi ya malalamiko. Huku kumwandika mtu kwa serikali ni kumshtaki. Ya mdomo yanazungumzwa, watu wanakunywa chai, yanaisha. Ya karatasi yanabaki, na watoto wenu watakuja kuulizana kanisani ni nani alimwandika baba ya nani. Kwa hiyo hakuna aliyejaza. Bomba likipasuka mtu alimngoja Mzee Njura langoni asubuhi, akamsalimia, akamuuliza habari za mbuzi wake, kisha akamnong'oneza habari za bomba. Kufika saa sita limezibwa. Nami mwisho wa mwezi nikaandika sifuri.

Mwaka wa kwanza tukawa nambari moja. Cheti kikaja, kikawekwa fremu. Na nisimfanye Njura malaika, kwa maana kosa la mwanzo lilikuwa lake pia. Alikipenda kile cheti. Alitununulia chai na mandazi watu wote ishirini na watatu, akasimama mbele yetu na kofia mkononi, akasema, "Asanteni sana kwa kutoniandika." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengine, kwa sababu mandazi yalikuwa ya moto na ripoti yangu ilikuwa imeitwa ripoti safi.

Kisha paa likachoka.

Juu ya chumba cha mafaili ya ardhi maji yalianza kuingia mwaka wa tatu, mvua za mwezi wa nne. Chumba hicho ni cha Ciakuthii, mama wa makamo anayejua kila faili lilipo bila kutazama rejista. Humo ndani kuna mashamba ya tarafa nne. Kuna kesi za ndugu ambao hawajasalimiana tangu baba yao azikwe, na ushahidi wao wote ni karatasi moja ya rangi ya chai iliyolala kwenye kabati. Mwezi ule Ciakuthii alikuwa akianika karatasi juu ya viti kama mtu anayeanika maharagwe. Njura alipanda darini na lami yake, akakaa huko muda mrefu. Alipoteremka alifungua kiganja akatuonyesha ubao uliomegeka kama ugali wa jana.

"Hii si ya lami tena," alisema. "Mchwa wamekula mbao zote. Paa lote litoke, na litoke kabla ya mvua ya Oktoba. Oktoba hii mbao hazitabeba maji."

Kuanzia siku hiyo hakutaka kingine chochote. Paa jipya juu ya mafaili kabla ya Oktoba. Aliandika barua ndefu kwa mkono, mkuu wetu akaipiga muhuri, ikaenda. Jibu lilikuwa na mistari mitatu. Kwa mujibu wa takwimu, jengo lenu halijaripoti kasoro yoyote kwa miezi thelathini na tatu. Ombi lenu halina msingi. Endeleeni na kazi nzuri. Chini yake walikuwa wameambatanisha jedwali la sifuri zangu, safu baada ya safu, na jina langu, Winrose, kama mtayarishaji.

Njura alikuja nalo mezani kwangu.

"Mama Koome, hii ni wewe uliandika?"

"Mzee, hiyo ni data. Mimi naandika chenye kimeletwa."

"Na hakuna kitu ililetwa."

"Hakuna."

Alilikunja lile jedwali. "Basi waambie waniandike. Juni ikiisha hesabu inafungwa. Nataka waniandike kabla Juni iishe."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, kwa sababu ni nani katika dunia hii anaomba kushtakiwa?

Lakini alizunguka meza kwa meza. Nilimwona kwa macho yangu, mzee wa miaka hamsini na nane amebeba rundo la fomu tupu kama mtu anayeuza tiketi za harambee, na kila mlango ukimjibu kwa heshima zote. Kaburu, mpima ardhi, alimvutia kiti. "Mzee, wewe ndio ulinitengenezea kitanda ya mtoto wangu. Nikuandike, halafu niende wapi? Na umebakisha miezi kumi na nne u-retire. Alama zikienda chini ya hamsini unaitwa mbele ya kamati. Unataka kwenda nyumbani na doa?"

"Doa iko huko juu kwa silingi, Kaburu. Haiko kwangu."

"Hapana, Mzee. Mimi siwezi."

Lydiah wa mapokezi alisema ataliweka jambo hilo kwenye maombi. Ciakuthii, ambaye maji yalimdondokea shingoni akiwa ameketi, ndiye aliyeweza kidogo kuliko wote, kwa sababu mwanawe ameoa Purity, binti ya Njura. Ni mkwe wake, muthoni. Muthoni humpiti njiani bila kumpisha, seuze kumshtaki. Alipoona fomu aliinamisha uso, akaondoka mezani pake mpaka Njura alipotoka.

Aliniomba na mimi. Nilimwambia sheria haimruhusu mtu wa takwimu kulalamika. Hakuna sheria kama hiyo, niliitunga papo hapo. Niliogopa, basi, kama wengine, na sina la kujitetea.

Akajaribu kujiandika mwenyewe. Kompyuta ikakataa, kwamba mlalamikaji na mlalamikiwa hawawezi kuwa mtu mmoja. Hapo ndipo hasira zilipompanda. Jumatatu ya kwanza ya Juni alitundika nyundo stoo, akafunga kufuli, akaketi kwenye benchi la nje na gazeti. Kila siku alifika saa mbili kasoro, kila siku alisoma gazeti, na hakugusa kitu. Ukimnong'oneza habari za choo alikujibu, "Andika," na kufungua ukurasa wa pili.

Mtu mwenye akili angeandika. Sisi tulifanya nini? Tulianza kumhurumia. Kaburu alisema ni presha. Lydiah alisema ni magoti, amepanda ngazi miaka thelathini, magoti lazima yaishe. Choo cha chini kilipoziba kabisa tulichanga, tukamleta fundi wa sokoni kwa mlango wa nyuma, tena wakati Mzee amekwenda kunywa chai, ili asione akaaibika. Mimi nilitoa mchango wangu. Na kwenye ripoti, sifuri. Kila mtu hapa anajua methali ya ufa na ukuta, imechapishwa hata kwenye kalenda ya ofisi, na hakuna aliyeinua kalamu.

Wiki moja kabla ya Juni kwisha, Jumamosi, tulikwenda kumwona nyumbani kwake Kiritiri. Tulikuwa tisa. Tulibeba sukari kilo nne, unga, mafuta ya kupikia, mkate na leso ya mama. Mkewe alitupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, tukala tukashiba. Kisha Lydiah akaanzisha wimbo, na baada ya wimbo akaomba. Alimwomba Bwana ayaguse magoti ya mtumishi wake, amwondolee roho ya uzito, amrudishie nguvu za kazi. Njura alifumba macho kama sisi. Alingoja mpaka amina.

Halafu alitoka nje bila neno, akashika nguzo ya banda la mbuzi, akapanda juu ya paa lake, akasimama huko wima kama kijana wa miaka ishirini. Akateremka. Tulikuwa tumejazana mlangoni tunamtazama.

"Magoti ni hayo," alisema. "Nani mwingine anataka kuyaombea?"

Lydiah alirudi nyuma hatua moja.

"Nyinyi mmeniletea sukari. Mimi niliwaomba karatasi. Mwezi mzima nawaomba karatasi, na nyinyi mnanipikia chai. Mnaogopa kuniandika mimi, mtu wa kwenda nyumbani mwaka ujao. Na yule mama atakuja Novemba kuuliza shamba ya bwana yake, mumwambie karatasi ililowa ikakuwa uji, huyo hamwogopi? Huyo mtamletea sukari kilo ngapi?" Alikuwa anapaza sauti. Sikuwahi kumsikia hivyo. "Mnaniheshimu vibaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa haitaniumbua mimi, itaumbua watu wa mashamba. Kama ni heshima ya namna hii, mimi sitaki. Chukueni mwende nayo."

Mkewe alitazama chini. Kaburu alikohoa. Nilitamani ardhi inimeze, maana miongoni mwa wale tisa ni mimi niliyejua vizuri kuliko wote anachosema.

Aliyemjibu ni Ciakuthii, naye alizungumza akiwa ameangalia banda la mbuzi, si uso wa mkwe wake. "Muthoni, jina lako mkono wangu hauliandiki. Hata nikifa. Lakini maji inaingia juu ya kabati ya tatu na ya tano. Hiyo naweza kuandika."

"Andika hiyo," Njura alisema. "Jina niachie mimi."

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Jumatatu aliketi nje ya ofisi yangu na kalamu ya biki. Mtu aliandika kasoro kwa mkono wake na kutia sahihi, akaacha mstari wa pili wazi, akampa Njura karatasi huku anatazama pembeni. Njura alijaza jina lake mwenyewe. Misheck Njura. Misheck Njura. Ciakuthii aliandika saba. Kaburu aliandika nne, akaenda, akarudi na ya tano. Lydiah alilia alipoandika ya bomba la mapokezi, na bomba lenyewe lilikuwa jambo dogo tu. Mimi niliandika mbili, na ile sheria yangu ya uongo hakuna aliyeikumbuka, au walinihurumia. Kufikia Ijumaa zilikuwa sitini na moja. Niliziingiza zote. Alama zilishuka kutoka mia hadi sifuri siku ya Jumatano, na kutoka hapo kompyuta ikawa haina pa kushukia.

Wakaguzi walikuja Julai. Kiongozi wao, bwana mmoja aitwaye Gitobu, alipanda darini akadunga bisibisi kwenye mhimili, ikazama mpaka kwenye mpini. Aliteremka akijipangusa vumbi.

"Nani alikuwa anasema hii building ni number one?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Sikufungua mdomo.

Paa likakubaliwa, kama dharura. Agosti wakaja na mbao zilizotiwa dawa na mabati mapya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya utumishi serikali ikaelekea kuiwahi mvua. Katikati ya Agosti, nyundo zikigonga juu ya vichwa vyetu, ikafika barua nyingine. Afisa Misheck Njura amepata malalamiko sitini na moja katika wiki moja, idadi kubwa kuliko zote katika ukanda. Anaondolewa kwenye kazi ya matengenezo mara moja kwa utendaji duni. Ataripoti kwenye stoo ya vifaa huko Maua mpaka atakapostaafu.

Nilikasirika. Niliwaandikia makao makuu kurasa tatu. Niliwaeleza kila kitu, kuanzia kile cheti hadi ile Jumamosi ya Kiritiri, na kwamba mtu huyu ndiye pekee aliyewahi kuwaambia ukweli juu ya jengo hili. Walinijibu upesi, hilo niwape. Walisema wamezingatia maelezo yangu. Walisema pia kwamba kwenye fomu zote sitini na moja jina la afisa limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, jambo ambalo kamati imelichukulia kuwa ni kukiri makosa.

Nilimpelekea Njura hiyo barua kwenye stoo yetu, alikokuwa akifungasha vyombo vyake. Aliisoma mara mbili. Kisha alichukua mkebe wa misumari ya inchi tatu akaubamiza ukutani, misumari ikatawanyika kila pembe. Halafu alipiga magoti akaanza kuiokota, nami nikapiga magoti nikaokota pamoja naye.

"Paa hawajasimamisha?" aliuliza.

"Hawajasimamisha, Mzee."

Hakuniuliza kitu kingine. Ijumaa alikwenda Maua, na hakutaka sherehe wala hotuba.

Oktoba mvua ilikuja kwa nguvu zake zote. Chumba cha mafaili kilikaa kikavu. Ciakuthii alishinda siku ile ya kwanza akitazama dari kama mtu asiyeamini. Lakini mkandarasi alikuwa ameiweka gata ya upande wa ngazi, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, ikiinamia ukutani badala ya kuinamia tangi, na maji yote ya upande huo yalikuwa yanaoga ukuta. Siku ya tatu rangi ilikuwa imeanza kutoa malengelenge. Tuliyaona sote ishirini na wawili, kwa sababu hapo ndipo tunapopitia kuingia kazini.

Aliyechukua nafasi ya Njura ni Lennox Mutwiri, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye diploma na buti safi, mtu mpole kwa kweli. Alituita mkutanoni wiki yake ya pili. "Mimi niko open," alisema. "Kuna shida yoyote kwa jengo? Msiogope."

Tukanyamaza. Kaburu alikuwa akichezea ufunguo. Ciakuthii alininong'oneza, "Hiyo fomu imekula Mzee. Sasa unataka ikule mtoto wa wenyewe?" Lennox akatushukuru, akaandika kwenye daftari lake kwamba hakuna shida.

Nilirudi mezani nikiwa nimechoka na watu wote wa nchi hii, mimi nikiwa wa kwanza. Nikatoa fomu. Nikaandika: gata ya upande wa ngazi imeinama vibaya, maji yanaharibu ukuta. Nikafika mstari wa pili. Safari hii hapakuwa na mzee wa kunijazia. Nikaandika Lennox Mutwiri kwa mkono wangu, nikatia sahihi, na badala ya kuipenyeza chini ya mlango nikampelekea mwenyewe, nikasimama mbele yake.

Aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa nyumbani. Nilimwona akilisoma jina lake. Ya gata sidhani kama aliifikia. Aliinuka kwenye kiti polepole, uso umembadilika, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama Koome, mimi nimekukosea nini?"